Mikononi mwa Karani: Daftari la Wapiga Kura na Historia ya Demokrasia ya Marekani

Katiba ya Marekani, iliyotiwa saini mjini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787 na wajumbe 39 kati ya 55 waliohudhuria mkutano wa kuitunga, haina neno demokrasia katika kifungu chochote, wala haikumhakikishia raia yeyote haki ya kupiga kura. Hilo halikutokana na usahaulifu. Wengi wa wajumbe walikuwa wanasheria, wafanyabiashara na wenye mashamba makubwa, na kwao demokrasia ilikuwa utawala wa umati usio na mali, utawala ambao waliamini huanza kwa fujo na kuishia mikononi mwa mtu mmoja. Elbridge Gerry wa Massachusetts alitamka mbele ya wenzake kwamba maovu yaliyoikumba nchi yalitokana na demokrasia iliyozidi mno. Hofu hiyo ilikuwa na sababu ya karibu. Kuanzia Agosti 1786 hadi mwanzoni mwa 1787 wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni na kodi, ambao baadhi yao walikuwa wamepigana katika vita vya uhuru dhidi ya Uingereza, walizifunga mahakama kwa nguvu ili mashamba yao yasinadiwe, na maasi hayo, yaliyopewa jina la Daniel Shays aliyekuwa mmoja wa viongozi wake, yaliwashtua wenye mali katika majimbo yote.

James Madison, ambaye mchango wake katika kuiunda Katiba ulikuwa mkubwa kuliko wa wengi, aliieleza hofu hiyo kwa utaratibu katika makala ya 10 ya mfululizo wa Federalist, iliyochapishwa Novemba 1787. Demokrasia, kwa maana aliyoikusudia, ni mfumo ambamo raia hukusanyika wenyewe na kuamua mambo ana kwa ana, ilhali jamhuri ni mfumo ambamo raia huwachagua wachache waamue kwa niaba yao, na wachache hao, kwa hekima iliyotarajiwa kwao, huzichuja tamaa za wengi. Katiba ilijengwa juu ya mchujo huo: maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo badala ya wananchi, hali iliyodumu hadi 1913, rais alichaguliwa na wajumbe maalumu walioteuliwa kwa utaratibu wa kila jimbo, mfumo unaoendelea hadi leo, na watumwa, ambao katika sensa ya kwanza ya 1790 walikuwa karibu 700,000 kati ya watu wapatao milioni 3.9, walihesabiwa watano kwa kiwango cha watu huru watatu wakati wa kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, hesabu iliyowaongezea nguvu mabwana wao bila kuwapa watumwa wenyewe sauti yoyote.

Uamuzi uliokuja kuwa na uzito kuliko mingine, hata hivyo, ni ule wa kuyaachia majimbo suala la nani apige kura. Katiba ilisema tu kwamba wapiga kura wa Baraza la Wawakilishi watakuwa wale wale wanaoruhusiwa na sheria za jimbo lao kulichagua bunge la jimbo. Kwa kifungu hicho kimoja, maana ya demokrasia nchini humo ilihamishwa kutoka makao makuu hadi katika kaunti, yaani sehemu ya utawala iliyo chini ya jimbo, ambako baadaye karani mmoja mwenye kalamu na daftari angeweza kuamua ni nani aliye mwananchi kamili na ni nani asiye. Historia inayosimuliwa na hotuba za marais peke yake huukosa ukweli huo. Mara nyingi haki ilipopanuka, ilikuwa ni kwa sababu walionyimwa walifika kwenye daftari hilo na serikali ya taifa ikalazimika kuwalinda, na kila mara serikali ya taifa ilipoondoa mkono wake, daftari lilirudi kufungwa.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba milango mingine ilikuwa wazi mwanzoni, kisha ikafungwa. Katiba ya jimbo la New Jersey ya 1776 iliwapa kura wakazi wote watu wazima waliokuwa na mali ya thamani ya pauni 50, bila kutaja jinsia wala rangi, na kwa miaka thelathini hivi wajane na wanawake wasioolewa wenye mali, pamoja na watu weusi huru, walipiga kura katika jimbo hilo. Wanawake walioolewa hawakuweza, kwa kuwa sheria iliihesabu mali yao kuwa ya waume zao. Mwaka 1807 bunge la jimbo, katikati ya ugomvi wa vyama na shutuma za udanganyifu katika uchaguzi, lilitunga sheria iliyowabakiza wanaume weupe walipa kodi peke yao. Mwendo huo wa kumpokea mmoja na kumtoa mwingine kwa wakati mmoja ulitawala nusu ya kwanza ya karne ya 19. Sharti la mali lilifutwa jimbo baada ya jimbo, hata North Carolina, iliyolishikilia kwa muda mrefu kuliko majimbo mengine yote, ilipoliondoa kwa wanaume weupe mwaka 1856. Lakini katika mikutano ile ile ya katiba ambamo fundi na kibarua mweupe walikaribishwa, mtu mweusi huru alitolewa. Mkutano wa New York wa 1821 ulimfutia mweupe sharti la mali na kumbakizia mweusi sharti la dola 250. Pennsylvania iliandika neno “mweupe” katika katiba yake ya 1838, na Robert Purvis, kiongozi wa watu weusi wa Philadelphia, akatunga waraka wa kuwaomba wapiga kura waikatae katiba hiyo kwa niaba ya raia 40,000 waliokuwa wakinyang'anywa haki yao, lakini haukusikilizwa. Kufikia 1860 ni majimbo matano tu, yote ya kaskazini-mashariki, ambamo mwanamume mweusi alipiga kura kwa masharti sawa na mweupe.

Ni katika kipindi hicho hicho, hasa baada ya Andrew Jackson kushinda urais mwaka 1828, ndipo demokrasia ilipogeuka kutoka jambo la kuogopwa na kuwa jina la fahari ambalo wanasiasa waligombania kulivaa. Fahari hiyo ilikuwa na gharama iliyolipwa na wengine. Taifa la Wacherokee, waliokuwa na katiba yao iliyoandikwa tangu 1827 na gazeti lao lililochapishwa kwa hati ya lugha yao kuanzia 1828, lilipewa haki na Mahakama ya Juu katika kesi ya mwaka 1832, lakini Jackson na jimbo la Georgia waliendelea na mpango wa kuwahamisha chini ya sheria ya 1830, na katika safari ya kulazimishwa ya 1838 hadi 1839 kuelekea magharibi ya Mto Mississippi maelfu yao walikufa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu 4,000. Wapiga kura weupe wa Georgia waliipata ardhi hiyo kwa bahati nasibu iliyoendeshwa na serikali yao. Demokrasia ya watu weupe na unyang'anyi huo vilikuwa jambo moja, na mwandishi anayevitenganisha katika sura mbili za kitabu chake humpotosha msomaji.

Mwaka 1857 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dred Scott, ilitamka kwamba watu weusi, watumwa au huru, hawakuwa na hawawezi kuwa raia wa Marekani. Miaka minne baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza, na kabla ya kwisha mwaka 1865 wanaume weusi wapatao 180,000 walikuwa wametumikia jeshi la serikali ya muungano. Utumishi huo ndio ulioleta swali la kura katika Ikulu. Tarehe 11 Aprili 1865 Abraham Lincoln alisema hadharani kwamba angependa baadhi ya watu weusi, wale waliosoma na wale waliokuwa askari, wapewe kura. Alikuwa rais wa kwanza kulisema hilo mbele ya umma, na ilikuwa hotuba yake ya mwisho, kwani John Wilkes Booth, aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, alimpiga risasi siku tatu baadaye.

Kipindi kilichofuata, kinachoitwa Ujenzi Mpya, kinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kingine chochote, kwa sababu ndicho kilichoonyesha kwa mara ya kwanza kile ambacho demokrasia ya Marekani ingeweza kuwa. Kwa sheria za 1867 Bunge la Congress liliyaweka majimbo kumi ya kusini yaliyokuwa yameasi chini ya usimamizi wa jeshi na kuagiza daftari jipya la wapiga kura liandikwe bila kujali rangi. Zaidi ya wanaume weusi 700,000, ambao wengi wao walikuwa watumwa miaka michache tu nyuma, waliandikishwa. Mabaraza waliyoyachagua yalitunga katiba mpya za majimbo, zilizofuta masharti ya mali yaliyokuwa yakiwazuia hata weupe maskini na kuanzisha, kwa mara ya kwanza katika sehemu kubwa ya kusini, shule za umma zinazogharimiwa na serikali. Miongoni mwa waliodai shule hizo ni Robert Smalls wa South Carolina, ambaye Mei 1862, akiwa bado mtumwa na rubani wa meli kwa kazi ingawa si kwa cheo, aliitorosha meli ya waasi kutoka bandari ya Charleston pamoja na familia yake na wenzake, na ambaye baadaye alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa seneta wa kwanza mweusi. Wanahistoria wamehesabu watu weusi wapatao 2,000 walioshika nyadhifa katika kipindi hicho, kuanzia mahakimu wa kaunti hadi wabunge, na mwanahistoria mweusi W. E. B. Du Bois, katika kitabu chake kikubwa cha 1935, aliuonyesha umma kwamba serikali hizo, zilizotukanwa na vizazi vya wasomi weupe kuwa za ufisadi na ujinga, zilikuwa juhudi ya dhati ya wafanyakazi weusi na weupe kujitawala.

Nguzo ya kisheria ya yote hayo ilikuwa Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyothibitishwa mwaka 1868 na kumfanya raia kila aliyezaliwa nchini na kuwa chini ya mamlaka yake, pamoja na Marekebisho ya 15 ya mwaka 1870. Muundo wa haya ya pili unahitaji kuzingatiwa. Hayakusema kwamba kila raia ana haki ya kupiga kura. Yalisema kwamba haki hiyo haitanyimwa kwa sababu ya rangi au ya kuwahi kuwa mtumwa. Wakati wa mjadala walikuwapo wabunge waliotaka kupiga marufuku pia masharti ya mali, elimu na mahali pa kuzaliwa, wakashindwa, kwa sababu majimbo ya kaskazini yalikuwa na vizuizi vyao ambavyo hayakutaka kuviacha: Massachusetts na Connecticut zilitumia mtihani wa kusoma dhidi ya wahamiaji wa Ireland, na California haikutaka Wachina wapige kura. Kwa hiyo kizuizi chochote kisichotaja rangi kilibaki halali kwenye karatasi, na ufa huo ndio uliopitiwa na wale waliokuja kuibomoa nyumba nzima.

Kabla ya kupita katika ufa wa sheria, walipita katika damu. Kundi la Ku Klux Klan, lililoanzishwa Pulaski, Tennessee, baada tu ya vita, liliwaua na kuwachapa viboko viongozi weusi, walimu na weupe walioshirikiana nao. Tarehe 13 Aprili 1873, siku ya Pasaka, katika mji mdogo wa Colfax, Louisiana, kundi la weupe wenye silaha liliishambulia mahakama ya kaunti iliyokuwa ikilindwa na watu weusi baada ya uchaguzi wenye mgogoro, na kuwaua wengi wao hata baada ya kujisalimisha. Wachache waliopatikana na hatia waliachiwa na Mahakama ya Juu mwaka 1876, kwa hoja kwamba Marekebisho ya 14 yanaizuia serikali ya jimbo kutenda uovu, hayawazuii watu binafsi. Mwaka uliofuata, ugomvi kuhusu matokeo ya uchaguzi wa rais ulipomalizwa kwa Rutherford Hayes kuingia Ikulu, askari wa mwisho waliokuwa wakizilinda serikali za Ujenzi Mpya waliondolewa.

Hata hivyo wanaume weusi hawakuacha kupiga kura mara moja, na hilo ndilo lililowafanya watawala wa kusini kuligeukia daftari. Katiba ya Mississippi ya 1890 iliweka kodi ya kichwa ya dola 2 ambayo ilipaswa kulipwa mapema na risiti yake kutunzwa, na sharti kwamba mwombaji asome kifungu chochote cha katiba ya jimbo au akieleze akisomewa. Mwenye kupima maelezo hayo alikuwa karani wa kaunti, aliyeweza kumpa mweupe sentensi fupi na mweusi aya ngumu ya sheria, kisha akatoa uamuzi usiokuwa na rufaa ya maana. Louisiana iliongeza mwaka 1898 kile kilichoitwa kifungu cha babu, kilichomsamehe mitihani yote mtu ambaye baba au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya 1867, tarehe ambayo babu wa mtu mweusi wa jimbo hilo hangeweza kuitimiza. Wapiga kura weusi walioandikishwa Louisiana walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki kama 1,300. Weupe maskini wengi nao walipotea daftarini kwa kushindwa kulipa kodi, jambo ambalo waliobuni mfumo huo hawakulisikitikia. Pale ambapo daftari halikutosha, bunduki ilirudi: mjini Wilmington, North Carolina, tarehe 10 Novemba 1898, weupe wenye silaha waliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa na wananchi wa rangi zote, wakawaua watu weusi kwa idadi ambayo haijawahi kuthibitishwa na kuwafukuza viongozi wao.

Kesi moja ya wakati huo ina maana kubwa kuliko umaarufu wake. Jackson Giles wa Montgomery, Alabama, alikuwa amepiga kura kwa miaka mingi hadi katiba ya jimbo ya 1901 ilipomfuta, naye akashtaki kwa niaba yake na ya watu weusi wengine zaidi ya 5,000 wa kaunti hiyo. Mwaka 1903 Jaji Oliver Wendell Holmes, akiandika kwa niaba ya wengi katika Mahakama ya Juu, alisema kwamba ikiwa mpango mzima wa uandikishaji ni wa hila kama Giles anavyodai, basi kumwongeza mtu mmoja zaidi katika daftari la hila hakutauondoa ubaya wake, na kwamba ikiwa umati mkubwa wa weupe umekusudia kuwazuia weusi, mahakama haina uwezo wa kuwazuia. Nafuu itafutwe kwa watu wa jimbo au kwa wanasiasa. Giles aliambiwa, kwa maneno mengine, aende akaombe haki yake kwa watu wale wale waliomnyang'anya, kwa kutumia kura ambayo hakuwa nayo. Mahakama kuu ya nchi ilikuwa imeona ilichokiona, ikakaa kando kwa miongo minne, isipokuwa mara chache kama ilipokibatilisha kifungu cha babu mwaka 1915.

Wanawake walikutana na ukuta huo huo kutoka upande mwingine. Mkutano wa Seneca Falls, New York, wa Julai 1848, ambapo wanawake 68 na wanaume 32 walitia saini tamko la haki, ulisita sana kuhusu kura, na azimio la kuidai lilipita baada ya Elizabeth Cady Stanton, mmoja wa waandaaji wake, kuungwa mkono na Frederick Douglass, mtu aliyekuwa mtumwa miaka kumi tu kabla. Susan B. Anthony aliyepiga kura mjini Rochester mwaka 1872 alikamatwa na kutozwa faini ya dola 100, ambayo hakuilipa maishani mwake, na mwaka 1875 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mwanamke ni raia, kisha ikaongeza kwamba uraia haubebi haki ya kupiga kura. Ushindi ulianzia magharibi, kwa Wyoming ya 1869, ukafikia taifa zima kwa Marekebisho ya 19 mwezi Agosti 1920. Lakini chama kilichoongoza harakati hizo kilikuwa tayari kuwatoa sadaka wanawake weusi ili kuwapata weupe wa kusini. Katika maandamano ya Washington ya 1913 mwandishi Ida B. Wells aliagizwa aandamane nyuma, mbali na wenzake wa Illinois, akakataa na kuingia katika safu yao barabarani. Wanawake weusi wa kusini waliofika kwa karani mwaka 1920 walikutana na mtihani ule ule uliowazuia waume zao. Wamarekani asilia nao walipewa uraia wote kwa sheria ya 1924, lakini Arizona na New Mexico ziliwanyima kura hadi 1948.

Kufungwa kwa daftari la kusini hakukuwa jambo la kusini peke yake. Kwa kuwa wapinzani hawakupiga kura, wabunge wa kusini walichaguliwa tena na tena bila ushindani, na kwa kuwa uenyekiti wa kamati za Bunge la Congress ulitolewa kwa kufuata muda wa utumishi, watu hao waliochaguliwa na wachache waliishika mikononi sheria ya nchi nzima. Muswada wa kuzuia mauaji ya umati ulizuiwa katika Seneti mara kwa mara. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935, iliyoleta pensheni ya uzeeni, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi zilizoajiri sehemu kubwa ya watu weusi wa kusini. Wanahistoria wanabishana kama sababu kuu ilikuwa shinikizo la wabunge hao au ugumu wa kukusanya michango, ila hakuna ubishi kuhusu nani aliyeumia. Ndiyo maana Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, na serikali ikawaita vijana wakapiganie demokrasia ng'ambo, gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier lilianzisha mwaka 1942 kampeni ya ushindi mara mbili, dhidi ya ufashisti nje na ubaguzi nyumbani. Mwaka huo huo serikali ilianza kuwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia kwa kuzaliwa.

Kufuli ya kwanza ilivunjwa mwaka 1944, pale Mahakama ya Juu ilipopiga marufuku mtindo wa chama cha Democratic huko Texas wa kuwaruhusu weupe tu katika uchaguzi wa mchujo, yaani ule wa kumteua mgombea wa chama, ambao katika eneo lenye chama kimoja ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Mmoja wa mawakili walioshinda kesi hiyo, Thurgood Marshall, ndiye aliyekwenda London mwaka 1960 kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, ambako aliandaa rasimu ya haki za raia kwa ajili ya nchi hiyo iliyokuwa ikielekea uhuru.

Mahakama haikufika Mississippi vijijini. Waliofika ni vijana wa kamati ya wanafunzi ya harakati zisizo za vurugu, iliyojulikana kama SNCC, miongoni mwao Bob Moses, mwalimu wa hisabati aliyeanza mwaka 1961 kuwasindikiza wakulima weusi hadi kwa makarani, akapigwa kwa kufanya hivyo. Tarehe 31 Agosti 1962 basi liliwapeleka watu 18 kutoka Ruleville hadi Indianola kujiandikisha, na mmoja wao alikuwa Fannie Lou Hamer, mtoto wa mwisho kati ya 20, aliyeanza kuchuma pamba akiwa na miaka sita. Alipewa kifungu cha katiba ya jimbo akieleze, akashindwa. Usiku huo huo alifukuzwa katika shamba alilolifanyia kazi kwa miaka 18. Alirudi kufanya mtihani hadi akafaulu, akakuta hawezi kupiga kura kwa kuwa hana risiti za kodi ya kichwa. Juni 1963 alipigwa katika jela ya Winona kipigo kilichomwachia ulemavu. Mnamo Novemba mwaka huo watu weusi karibu 80,000 walipiga kura katika uchaguzi wa mfano ulioandaliwa na wanaharakati, kielelezo tosha dhidi ya madai kwamba hawakupendezwa na siasa.

Agosti 1964 Hamer na wenzake waliunda ujumbe wao na kwenda kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Atlantic City, wakidai viti vya Mississippi vilivyokaliwa na wajumbe waliochaguliwa na weupe peke yao. Rais Lyndon Johnson, aliyeogopa kuwapoteza weupe wa kusini, aliitisha mkutano wa ghafla na waandishi wa habari wakati Hamer akitoa ushahidi wake, ili kamera zimwache. Vituo vya televisheni viliurusha ushahidi huo jioni, na nchi nzima ikausikia. Walipopewa viti viwili tu walivikataa. Wanasiasa wengi wazoefu waliuona uamuzi huo kuwa wa utoto, lakini waliojua bei iliyolipwa kwa kila jina lililoandikwa Mississippi hawawezi kuwalaumu. Moses mwenyewe alitoka kwenye mkutano ule akiwa amevunjika moyo na vyama, na kuanzia 1969 hadi 1976 aliishi Tanzania, akifundisha hisabati.

Mlango ulifunguka Alabama. Katika kaunti ya Dallas, yenye mji wa Selma, watu weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi huku walioandikishwa wakiwa asilimia 2 hivi ya waliostahili. Tarehe 7 Machi 1965 polisi wa jimbo waliwapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus mbele ya kamera, na tarehe 6 Agosti Johnson alitia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Nguvu ya sheria hiyo haikuwa katika kutangaza usawa, kwani usawa ulikuwa umetangazwa tangu 1870, bali katika kumwondolea karani uamuzi: mitihani ya kusoma ilisimamishwa katika maeneo yenye historia ya ubaguzi, maofisa wa serikali ya taifa waliweza kuandikisha watu wenyewe, na maeneo hayo hayakuruhusiwa kubadili utaratibu wowote wa uchaguzi bila idhini ya awali kutoka Washington. Huko Mississippi, asilimia ya watu weusi walioandikishwa kati ya waliostahili ilipanda kutoka 6.7 hadi karibu 60 kufikia 1967. Kodi ya kichwa ilikuwa imepigwa marufuku katika chaguzi za taifa na Marekebisho ya 24 ya mwaka 1964, na mahakama ikaimaliza katika chaguzi za majimbo mwaka 1966.

Idhini hiyo ya awali ilidumu kwa karibu nusu karne. Tarehe 25 Juni 2013 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilibatilisha kanuni ya kuyatambua maeneo yaliyopaswa kuiomba, kwa hoja kwamba ilitegemea takwimu za zamani na kwamba nchi imebadilika. Siku hiyo hiyo Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria ya vitambulisho vya wapiga kura iliyokuwa imezuiwa, na wiki chache baadaye North Carolina ilipitisha sheria ambayo mahakama ya rufani ilikuja kuibatilisha mwaka 2016, ikieleza kwamba iliwalenga watu weusi. Pamoja na hayo, Katiba bado haina kifungu kinachompa kila raia haki ya kupiga kura. Ina orodha ya sababu ambazo haziruhusiwi kutumiwa kuinyima. Marekebisho ya 14 yenyewe yanataja kushiriki katika uhalifu kama jambo linaloweza kumwondolea mtu kura bila jimbo kuadhibiwa, na majimbo kadhaa, Florida ikiwamo, yaliwafungia waliowahi kuhukumiwa hata baada ya kumaliza vifungo vyao. Mwaka 2018 wananchi wa Florida waliamua kwa zaidi ya asilimia 64 ya kura kuwarudishia haki hiyo watu waliomaliza adhabu zao, waliokadiriwa kufikia milioni 1.4, wakiwatoa waliohukumiwa kwa mauaji na makosa ya ngono. Mwaka 2019 bunge la jimbo lilitunga sheria kwamba adhabu haijamalizika hadi kila faini na ada ya mahakama ilipwe. Kesi ilipofunguliwa, ilibainika kwamba jimbo halikuwa na utaratibu wa kuwaeleza wengi wa watu hao wanadaiwa kiasi gani; na Septemba 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais, mahakama ya rufani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 4 kwamba sheria hiyo ibaki.